Umunani, Wosia na Amana: Historia ya Kurithisha Mali Kimironko

Desturi ya kurithisha mali katika vilima vya Kimironko ni kongwe kuliko mtaa wenyewe. Kabla ya soko, kituo cha mabasi na nyumba zilizobanana za Bibare, Kibagabaga na Nyagatovu, eneo hili lililo jirani na Remera lilikuwa sehemu ya Bwanacyambwe, nchi ya wakulima na wafugaji ndani ya ufalme wa Rwanda. Mali ya kaya ilikuwa ardhi, migomba, nyumba na mifugo, na baba hakungoja kufa ndipo igawanywe. Kijana wa kiume alipooa, baba alimkatia umunani, kipande cha ardhi cha kujenga na kulima, na mwenye ng'ombe aliongeza ng'ombe. Umunani ulihesabiwa kuwa wajibu wa mzazi, wala si hisani. Kijana aliyenyimwa bila sababu aliweza kupeleka malalamiko yake mbele ya ukoo.

Kilichobaki mikononi mwa baba ndicho kilichokuwa mirathi hasa. Juu yake alimtaja mrithi mkuu, na maneno yake ya mwisho, irage, yalisikilizwa na jamaa walioitwa wawe mashahidi. Mrithi huyo alichukua mali pamoja na mzigo wake: kumtunza mjane, kulea wadogo, kuwaoza na kuwapa umunani wao siku ilipofika, kulipa madeni ya marehemu. Mwanasheria wa leo angemwita mdhamini, maana mali ilikuwa mkononi mwake na manufaa yalikuwa ya wengi. Hapa ndipo ulipo uzi unaopita katika historia yote inayofuata. Swali la nani apewe mali limejibiwa upya na sheria mara kadhaa. Swali la nani aishike kwa niaba ya wengine limebaki palepale, na ndilo lililowatesa zaidi wajane na yatima.

Binti hakuwa mrithi wa ardhi ya baba, kwa kuwa alitarajiwa kula katika ardhi ya mume. Hata hivyo desturi haikumfungia mlango wote. Baba aliweza kumpa intekeshwa alipoolewa, inkuri alipoleta mtoto mchanga nyumbani kwao, urwibutso kama kumbukumbu ya mzee aliyekuwa ukingoni mwa maisha, au ingarigari, kipande cha kujishikiza endapo mumewe amemfukuza. Vipande hivyo vilikuwa vya kweli na vilinusuru wengi. Udhaifu wake ni kwamba vilitegemea moyo wa mtoaji, na mtoaji akishafariki kaka za binti waliweza kuvidai virudi. Mjane mwenye watoto wa kiume alibaki kwenye shamba kwa ajili ya watoto wake. Asiye nao alikuwa mikononi mwa ndugu za mume, na mara nyingine alirithiwa yeye mwenyewe na shemeji yake.

Mpango huu ulihitaji vitu viwili ili ufanye kazi: ardhi ya kutosha kukatiwa kila kijana, na majirani wanaokumbuka nani alipewa nini. Karne ya 20 ilivipunguza vyote viwili.

Richard Kandt alianzisha kituo cha utawala wa Kijerumani Kigali mwaka 1907, upande wa Nyarugenge, na vilima vya mashariki havikuguswa sana. Wabelgiji, walioingia mwaka 1916, waliweka njia mbili za sheria. Wazungu na mali zao walihukumiwa kwa sheria iliyoandikwa, na Wanyarwanda wakaachiwa desturi zao katika mambo ya ndoa, ardhi na mirathi. Mwami Mutara III Rudahigwa aliufuta ubuhake, uhusiano wa bwana na mtumishi uliofungwa kwa ng'ombe, mwaka 1954, lakini umunani na nafasi ya mrithi mkuu havikuguswa. Uhuru wa mwaka 1962 uliifanya Kigali kuwa mji mkuu, nao ukakuta karibu kila Mnyarwanda bado anarithi kwa neno la mdomo.

Serikali ya jamhuri ilianza na ardhi, si na mirathi. Amri ya Machi 1976 ilikataza kuuza ardhi ya kimila bila kibali cha waziri. Muuzaji alitakiwa kubaki na hekta 2 na mnunuzi asizidi hekta 2. Lengo lilikuwa kuzuia kaya zisijiuzie hata mahali pa kulala. Idadi ya watu haikungoja amri. Sensa ya 1978 ilihesabu watu karibu milioni 4.8, na ile ya 1991 zaidi ya milioni 7. Baba mwenye wana watano na shamba dogo hakuweza tena kumkatia kila mmoja kipande cha kulisha nyumba. Kugawana shamba la marehemu kukawa chanzo cha ugomvi wa ndugu nchi nzima, na mara nyingi aliyepoteza alikuwa mtoto ambaye hakuwa na mtu mzima wa kumsemea.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yaliyoua zaidi ya watu milioni moja kwa hesabu ya serikali, yalibomoa kile kilichokuwa kimebaki. Desturi ilidhani kwamba mzee atakufa kabla ya vijana, kwamba jamaa watakaa kikao, kwamba mashahidi watakuwepo. Mwaka ule familia nzima ziliuawa siku moja, na aliyebaki aliweza kuwa msichana wa miaka 12 mwenye wadogo watatu. Kaya zilizoongozwa na watoto zikawa jambo la kawaida. Walezi waaminifu walikuwepo, na walezi waliojimilikisha nyumba za yatima walikuwepo pia. Desturi haikuwa na daftari la kuwatofautisha. Mjane aliyeokoka bila mtoto wa kiume aliweza kutolewa nje ya nyumba na shemeji aliyekuwa uhamishoni miaka yote.

Wakati huohuo jiji lilipokea watu kwa wingi. Waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, wengi wakiwa watoto wa wakimbizi wa tangu 1959, walitafuta makazi Kigali, na mitaa ya mashariki ya jiji ilikua haraka. Itifaki ya kurejea kwa wakimbizi, iliyotiwa saini Arusha mwezi Juni 1993, ilikuwa imeshauri kwamba mtu aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai ardhi yake ya zamani ikiwa imeshikwa na wengine. Kwa hiyo familia nyingi zilizohamia vilima hivi zilianza upya, kwenye kiwanja cha kununua au cha kupewa, si kwenye ardhi ya babu. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kiwanja kilichonunuliwa na mume na mke kwa fedha yao hakina ukoo nyuma yake, na ndugu wa mume hawana historia ya kukidai. Sheria mpya ilipokuja, ilikuta katika mitaa ya namna hii mali ambayo tayari ilikuwa ya wanandoa kuliko ya ukoo.

Sheria hiyo haikuja yenyewe. Haguruka, chama cha kutetea haki za wanawake na watoto, kilikuwepo tangu 1991. AVEGA Agahozo kilianzishwa na wajane wa mauaji ya kimbari mwaka 1995, na wabunge wanawake waliunda jukwaa lao mwaka 1996. Kila walikokwenda walikutana na kesi ileile: mjane, nyumba na shemeji. Sheria namba 22/99 ya tarehe 12 Novemba 1999, kuhusu mali ya wanandoa, hiba na mirathi, ilikuwa jibu lao. Iliandika kwamba watoto wote wanaotambuliwa na sheria hurithi sawa, wa kiume kwa wa kike, na kwamba hata umunani unaotolewa wazazi wangali hai usibague binti. Kwa nchi ambayo baba alikuwa akigawa ardhi kwa wanawe peke yao, hapakuwa na badiliko kubwa zaidi katika nyumba tangu ufalme.

Badiliko la pili halikushangiliwa sana, ingawa kwa mjini lilikuwa na uzito uleule. Wachumba walitakiwa kuchagua mmoja kati ya mipango mitatu ya mali: mchanganyiko wa mali zote, mchanganyiko wa kile kitakachochumwa ndani ya ndoa pamoja na kile watakachokitaja wenyewe, au kila mmoja na chake. Uamuzi huo, unaosemwa mbele ya afisa wa serikali siku ya ndoa, ndio mpango wa kwanza wa mirathi ambao familia nyingi za Kimironko huufanya, hata kama maarusi siku hiyo wanafikiria mambo mengine kabisa. Chini ya mchanganyiko wa mali zote, mmoja akifariki, sheria ya 1999 ilimpa aliyebaki usimamizi wa mali yote, na hapohapo ikamwekea wajibu wa kulea watoto na kuwasaidia wazazi wa marehemu walio wahitaji. Mjane, ambaye desturi ilimweka chini ya mrithi mkuu, akakalia kiti cha mrithi mkuu. Mzigo ni uleule wa zamani, mbebaji ndiye mwingine.

Ulinzi huo ulikuwa na mpaka: uliwahusu waliofunga ndoa ya kiserikali. Mwanamke aliyeishi na mwanamume kwa miaka mingi bila cheti alibaki nje. Watoto wake, baba akiwatambua, walirithi, naye akakaa kwenye nyumba ya watoto wake kama mgeni. Ndiyo sababu viongozi wa mitaa walihimiza kwa nguvu ndoa za pamoja za kiserikali katika miaka iliyofuata.

Ardhi ilifuata mkondo huo. Sheria ya ardhi ya Julai 2005 iliitambua haki ya kimila na kuipa nguvu sawa na ile iliyoandikwa, ikadai kila kipande kiandikishwe, na ikakataza kukata shamba la kilimo lisilozidi hekta 1. Uandikishaji wa nchi nzima ulianza mwaka 2009, na ndani ya miaka michache vipande zaidi ya milioni 10 vilikuwa vimepimwa na kupewa namba. Hati zilibeba majina ya mume na mke pamoja. Kwa kaya ya Kimironko, karatasi hiyo ilifanya kazi ya mashahidi wote waliopotea mwaka 1994.

Mjini kizuizi cha kugawa hakikuwa hekta. Kiwanja cha makazi chenye nyumba moja, choo, kisima cha maji ya mvua na ukuta hakikatiki vipande vinne bila kukiharibu, na mpango mkuu wa jiji, ule wa 2013 na ulivyorekebishwa mwaka 2020, hauruhusu viwanja vidogo kupita kiasi. Hapo umunani wa kale ulifika mwisho wa njia. Baba mwenye watoto wanne na nyumba moja Kibagabaga hawezi kumkatia kila mmoja pembe yake. Anaweza kuuza na kugawa fedha, anaweza kumpa mmoja awafidie wengine, anaweza kuwaachia wote hati moja yenye majina yao, au, ikiwa jengo ni la ghorofa, kutumia sheria ya Mei 2010 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na mwenyewe. Kati ya njia hizi, kuacha majina manne kwenye hati moja ndiyo rahisi siku ya kwanza na ngumu kuliko zote baada ya miaka kumi, kwa sababu hakuna anayeweza kuuza, kukopa wala kujenga bila saini za wengine watatu.

Sheria ya Julai 2016 iliyochukua nafasi ya ile ya 1999 ilitambua hali hiyo. Usawa wa watoto ulibaki. Umunani, kwa upande mwingine, uliachwa uwe jambo la uwezo na hiari ya wazazi, si deni la kudaiwa. Wapo waliolalamika kwamba serikali imewanyang'anya vijana haki yao ya kuzaliwa, na lalamiko hilo lilikuwa na msingi katika desturi. Lakini kumlazimisha mzazi agawe akiwa hai kitu ambacho hakigawanyiki kulikuwa kukizalisha kesi tu. Katika mirathi ndogo, isiyozidi kiwango kilichowekwa na sheria, ugomvi hupelekwa kwanza kwa abunzi, wapatanishi wa ngazi za chini za utawala walioanza kazi miaka ya 2000. Thamani ya nyumba ya Kimironko ilishapita kiwango hicho zamani, kwa hiyo ndugu wa huko wasiopatana huishia mahakamani moja kwa moja. Mwaka 2024 sheria ya watu na familia ilikusanya mambo ya ndoa, watoto na mirathi mahali pamoja.

Kodi iliingia katika historia hii kwa kuchelewa, na si kwa mlango ambao wengi wanautarajia. Rwanda haitozi kodi ya mirathi. Katika Uingereza mali ya marehemu inayozidi pauni 325,000 hutozwa kwa kawaida asilimia 40, na vitabu vingi vya kupanga mirathi vilivyoandikwa huko vinahusu namna ya kupunguza deni hilo. Msomaji wa Kigali anayevifuata neno kwa neno anajikinga na mvua isiyonyesha kwake. Kenya iliifuta kodi yake ya mirathi mwaka 1982. Kinachomgusa mwenye nyumba wa Kimironko ni kodi ya kila mwaka ya majengo. Chini ya sheria ya 2011 kiwango kilikuwa 1 kwa 1,000. Sheria ya Septemba 2018 ilipanga kukipandisha kwa nyumba za makazi hatua kwa hatua, kutoka asilimia 0.25 hadi asilimia 1 kuanzia mwaka wa nne, na manung'uniko yakawa makubwa. Sheria ya Septemba 2023 ilikishusha hadi asilimia 0.5 kwa makazi na 0.3 kwa majengo ya biashara.

Ndani ya sheria hizo kuna msamaha unaobadilisha hesabu ya kurithisha: nyumba moja ambayo mwenyewe ameitenga kuwa makazi ya familia yake haitozwi. Mzazi mwenye nyumba tatu husamehewa moja na hulipia mbili. Ikiwa kila moja ya hizo mbili ina thamani ya faranga milioni 100, ni faranga 500,000 kwa mwaka kwa kila moja. Nyumba hizo zikihamia kwa watoto wawili wasio na nyumba nyingine, kila mtoto ana msamaha wake. Huo ndio upande wa kodi ulio halisi Kimironko, nao unaipa hiba ya uhai nguvu mpya: ile kazi ya umunani wa zamani, sasa ikiwa na sababu ya hesabu. Wanaouza nyumba ya urithi ili wagawane fedha hukutana na kodi nyingine, ya mauzo ya mali isiyohamishika, asilimia 2 au 2.5 ya thamani kulingana na hali ya muuzaji mbele ya mamlaka ya mapato. Kwa mtoto anayeishi Brussels hesabu ni tofauti kabisa, kwani Ubelgiji hutoza mirathi ya wakazi wake hata kwa mali iliyoko nje. Nyumba aliyokwisha kupewa Kimironko itahesabiwa huko siku atakapofariki yeye.

Hadi mwaka 2021 chombo kimoja hakikuwepo katika sheria ya Rwanda, nacho ni amana: mpango ambao mtu hutenga mali, humkabidhi mdhamini aishike kwa jina la mdhamini huyo, na huandika ni nani watakaonufaika na kwa masharti gani. Sheria za Kibelgiji zilizorithiwa na Rwanda hazikuijua, kwa sababu katika mfumo huo mwenye mali ni mmoja na umiliki haugawanyiki kati ya anayeshika na anayefaidi. Ufaransa, yenye mfumo huohuo, iliruhusu kitu kinachofanana na amana mwaka 2007 tu, na hata hapo ikakataza kitumike kutoa zawadi.

Pwani ya Afrika Mashariki wazo hili lina umri mkubwa zaidi. Wakfu wa Kiislamu huifunga mali isiuzwe wala isirithiwe, na mapato yake huenda msikitini, kwa maskini, au kwa kizazi cha mtoaji. Wakfu wa kizazi ndio uliofanya kazi ya kupanga mirathi Mombasa, Lamu na Unguja, nao ndio uliogongana na majaji wa Kiingereza. Mwaka 1894, katika shauri la Bengal, Baraza la Faragha mjini London lilihukumu kwamba wakfu unaonufaisha familia huku fungu la maskini likiwa mbali mno na lisilo na hakika si halali. India ilitunga sheria ya kuipindua hukumu hiyo mwaka 1913, lakini Kenya ilibaki nayo, na katika shauri la Bakhshuwen mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza liliitumia tena. Sheria ya makamishna wa wakfu ya Kenya, ya mwaka 1951, ndiyo iliyouhalalisha waziwazi wakfu wa familia. Miaka 70 baadaye, mwaka 2021, Kenya iliirekebisha sheria yake ya wadhamini ili amana ya familia iandikishwe rasmi. Waislamu wa Kigali, ambao Biryogo na Nyamirambo ni mitaa yao ya zamani, hawakuwa na njia ya namna hiyo kwa familia zao: mirathi ya Rwanda tangu 1999 ni moja kwa raia wote.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009, na sheria zake zimekuwa zikichanganya mifumo miwili tangu hapo. Sheria ya amana ilitoka Oktoba 2021, katika fungu la sheria zilizoandaliwa kwa ajili ya kituo cha fedha cha kimataifa cha Kigali. Waliolengwa kwanza ni wawekezaji na matajiri wa bara zima. Kwa hiyo chombo kilichoingia kwa ajili ya mitaji ya kigeni kikafika pia mlangoni kwa kaya za kawaida, ambazo zilikuwa na swali la kale la mrithi mkuu bila jibu la maandishi.

Aina za amana hutofautiana kwa mambo matatu. La kwanza ni wakati: ipo inayoanza mtoaji akiwa hai, na ipo inayozaliwa na wosia wake siku ya kifo. La pili ni mlango wa kurudi. Amana inayoweza kufutwa humwachia mtoaji uwezo wa kubadilisha mawazo, lakini mali inaendelea kuhesabiwa yake, kwa wadai na kwa kodi. Isiyofutika huitoa mali mikononi mwake moja kwa moja, na humlinda mnufaika dhidi ya madeni ya mtoaji, mradi haikufungwa ili kuwakimbia wadai. La tatu ni uhuru wa mdhamini: katika amana ya mafungu kila mnufaika anajua chake, na katika amana ya busara mdhamini huamua nani anahitaji ada ya shule mwaka huu na nani matibabu.

Kwa wenye nyumba wa Kimironko tofauti hizi si za kitabuni. Wanandoa wenye mchanganyiko wa mali zote na watoto wakubwa wenye kazi hawana haja kubwa ya amana; sheria inamlinda atakayebaki, na hiba ya nyumba moja kwa mtoto, kwa saini za wote wawili, hufanya kazi iliyobaki. Mambo ni mengine kwa mjane mwenye watoto wadogo asiyewaamini ndugu wa kumrithi ulezi. Huyo anahitaji amana ya wosia yenye mdhamini aliyetajwa na masharti ya elimu yaliyoandikwa, kwa sababu wosia mtupu humpa mtoto wa miaka tisa nyumba asiyoweza kuisimamia, na anayeisimamia kwa jina la mtoto hana anayemkagua kila siku. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa kudumu anafaa kuchagua amana ya busara, kwa kuwa hakuna anayejua mahitaji ya miaka 40 ijayo. Mfanyabiashara mwenye vyumba vya kupangisha ambaye watoto wake wamesambaa nchi tatu anaweza kupendelea amana ya mafungu, nyumba ibaki nzima na kodi ya pango igawanywe. Amana isiyofutika kwa mtu mwenye nyumba moja tu anayoishi ni jambo la hatari, maana amejiondolea paa lake mwenyewe.

Hakuna aina inayoweza kuruka mipaka iliyokwisha wekwa. Nyumba ya mchanganyiko wa mali haitolewi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya 1999 ilitenga sehemu ya mali ambayo mtoa wosia hakuweza kuipeleka nje ya warithi wake, na fikra hiyo ya fungu lililohifadhiwa humfuata kila anayejaribu kumnyima mtoto mmoja kwa kupitia mdhamini. Gharama pia zina neno: mdhamini wa kulipwa, uandikishaji na hesabu za kila mwaka zinaweza kula pango la nyumba ndogo hadi likaisha. Kaya za namna hiyo kwa kawaida hufaidika zaidi na wosia ulioandikishwa kwa notari na mlezi aliyekubali kwa maandishi.

Mtu anapofariki bila kimojawapo, jamaa hukaa kikao, huandika muhtasari wa makubaliano, na kwa muhtasari huo pamoja na cheti cha kifo huomba hati ya ardhi ibadilishwe jina. Wasipokubaliana, hukumu ya mahakama huchukua nafasi ya muhtasari. Katika muda wote huo kodi ya majengo huendelea kudaiwa kwa jina la marehemu, na adhabu ya kuchelewa hulipwa na watakaoichukua nyumba.